Neno Fupi Kinywani: Uamsho katika Ngara na Biharamulo

Ili msomaji aelewe uzito wa mtu kusimama mbele za watu wa Bugufi katika miaka ya 1930 na kusema "Nimeacha pombe", yafaa kwanza aijue pombe yenyewe. Ndizi hukatwa zikiwa mbichi, zikafukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, zikaachwa humo siku kadhaa hadi ziive na kulainika. Kisha humenywa, hutiwa katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, huchanganywa na nyasi na kukandwa mpaka juisi itoke. Juisi huchujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, halafu hufunikwa. Baada ya siku moja au mbili imekuwa urwagwa. Wanywaji hukaa wakizunguka kibuyu, mrija ukipita kutoka mkono hadi mkono kwa kufuata umri na heshima. Posa ilisemwa juu ya kibuyu hicho, na mahari, na matanga, na radhi ya jirani aliyekosewa. Aliyeukataa mrija alikuwa amekataa mkono wa baba mkwe wake na kujitoa katika duara la watu wake.

Bugufi ni nusu ya wilaya tunayoiita leo Ngara. Nusu ya pili ni Bushubi. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Bugufi ilihesabiwa upande wa Burundi. Wabelgiji waliiteka nchi hii yote pamoja na Biharamulo mwaka 1916, na mipaka ilipopangwa upya baada ya vita, Wahangaza wa Bugufi wakajikuta chini ya Mwingereza huku jamaa zao wakibaki ng'ambo chini ya Mbelgiji. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Vijana wengi walitembea kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa za watu, wakarudi na nguo, sufuria, na mara nyingi na mazoea mapya ya kunywa. Upande wa Biharamulo, penye ile boma nyeupe ya Wajerumani juu ya kilima, ndorobo walikuwa wamewasukuma watu na ng'ombe kutoka maeneo makubwa ya mapori. Nyakati zilikuwa ngumu, na hazikuwa na dalili ya kulegea.

Faraja iliyokuja kushika mizizi katika nchi hii, yaani Uamsho wa Kikristo wa kuungama makosa mbele ya wenzako, ilitokea Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka kivuko cha Rusumo. Daktari Joe Church, Mwingereza wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, alifika Gahini mwaka 1928, njaa iliyoitwa Rwakayihura ilipokuwa ikianza kuua watu. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyejulikana kwa jambo moja: kila aliyekutana naye barabarani alimuuliza kama ameokoka. Waliketi siku mbili wakisoma Biblia na kusali. Wanahistoria wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki huanzia hapo, na mimi naona wana haki, ingawa ningependa sana tusisahau kwamba mmoja wa watu wale wawili alikuwa ametoka kuzika maiti za njaa. Uamsho ulizaliwa na watu waliochoka.

Kinachonivutia zaidi ni habari ya Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini. Hospitali haikuwa ikienda vizuri. Wafanyakazi walinung'unika, vitu vilipotea, na Kinuka mwenyewe alikuwa amekwisha kukata tamaa na kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitumwa Kampala kumwona Nsibambi. Alipoanza kueleza ubaya wa mambo ya Gahini, Nsibambi alimgeuzia maneno: kama hospitali imeharibika, sababu yake imo humo humo moyoni mwako. Kinuka alikasirika. Lakini katika safari ndefu ya kurudi nyumbani hasira ikapoa, akaona kwamba ameambiwa kweli, na aliposhuka Gahini alikuwa mtu mwingine. Akaanza kuwaendea wenzake mmoja mmoja, akitaja aliyoyafanya na kuomba radhi. Pamoja naye alikuwapo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu wa Gahini. Kigozi alikuwa amebeba neno moja tu kwa ajili ya kanisa la Uganda: "Zukuka", yaani amkeni. Januari 1936 alikwenda Kampala kulisema mbele ya sinodi, akaugua ghafla na kufariki. Neno lake likabaki. Likasemwa na wengine, likaandikwa, likaimbwa, likavuka mto Kagera.

Katika Tanganyika lango lake lilikuwa Katoke, kaskazini ya Biharamulo, mahali ambapo leo ni wilaya ya Muleba. CMS walikuwa na chuo cha kufundisha walimu pale, na Lionel Bakewell, mmisionari aliyekisimamia, aliupokea Uamsho kwa mikono miwili. Vikosi vya ndugu kutoka Rwanda na Uganda vilikuja miaka ya mwisho ya 1930. Jambo la chuo lina maana kubwa katika historia hii. Mwalimu aliyemaliza Katoke hakurudi kukaa kwao. Alipangwa shule ya kijijini, nyumba ya nyasi yenye ubao mmoja, na huko ndiko alikokwenda na ushuhuda wake. Murgwanza, kituo cha CMS katika Bugufi, kilipata moto huo huo kutoka pande mbili, Katoke na Gahini. Leo Murgwanza ni makao ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1985, na ina hospitali inayohudumia wilaya nzima ya Ngara.

Mkutano wa ndugu, walioitwa Walokole, ulikuwa na umbo lake, na aliyewahi kukaa katika ushirika wa Uamsho popote kati ya Kigezi na Dodoma atalitambua. Mtu anasimama. "Bwana asifiwe." Wote wanaitika. Anataja jina lake. Anasema ameokolewa na nani. Halafu anasema lililo gumu, na analisema kwa kutaja kitu: jembe alilolichukua shambani kwa jirani, senti alizozipunguza katika mfuko wa shule, mke aliyempiga, kibuyu alichokificha nyuma ya ghala baada ya kutangaza kwamba ameacha. Anaeleza atakavyolirudisha jembe. Hapo mmoja anaanzisha Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao Wahangaza, Wahaya, Wanyarwanda na Wakikuyu wote waliuimba kwa Kiganda chake bila kuutafsiri, na aliyekuwa akitetemeka anakumbatiwa. Kesho yake jembe linarudi. Maofisa wa kikoloni na machifu, pamoja na malalamiko yao mengi kuhusu kelele za usiku na vijana wasiotii wazee, walishuhudia mara kwa mara vitu vya wizi vikirudishwa na watu ambao hakuna aliyewashuku.

Katika mikutano hiyo ndimo yalimotengenezwa maneno mafupi yaliyokuja kuwa akiba ya watu siku za taabu. "Kutembea nuruni", yaani kuishi bila siri mbele ya ndugu. "Kuvunjika", yaani kukubali kosa bila kujitetea. "Chini ya msalaba", mahali ambapo mkubwa na mdogo wanakaa kitako pamoja. "Yesu ananitosha." Kwa mgeni ni maneno ya kanisani kama mengine. Kwa aliyeacha pombe wiki iliyopita, na ambaye leo jioni anapita nyumbani kwa shemeji yake penye kibuyu na kicheko, "ananitosha" ni fimbo ya kuvukia tope.

Hapa naomba msomaji anifuate kidogo hadi Marekani, maana mwaka ni ule ule. Tarehe 10 Juni 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, daktari mlevi aitwaye Robert Smith alikunywa chupa yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha. Mwenzake, Bill Wilson, alikuwa dalali wa hisa aliyefilisika. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, kundi la Kikristo lililoanzishwa na mchungaji wa Kimarekani Frank Buchman, na humo walijifunza kuungama mbele ya wenzao, kurudisha walichodhulumu, na kumsaidia mwingine ili wao wenyewe wasianguke. Miezi mitatu baadaye, Septemba 1935, ndugu wa Gahini walikuwa Kabale katika mkutano mkubwa wa kwanza wa Uamsho nje ya Rwanda, wakifanya mambo hayo hayo. Walevi wa Akron nao walitengeneza maneno yao mafupi: leo tu, siku moja moja, polepole. Maneno hayo yamezunguka dunia, na tangu mwaka 2009 yanatumika hata katika soba hausi za Zanzibar, ambako vijana waliotoka kwenye heroini wanaishi pamoja na kusemezana kweli kila asubuhi.

Sidai kwamba Akron iliifundisha Murgwanza wala Murgwanza kuifundisha Akron. Ninachosema ni kwamba, katika muongo ule ule wa njaa na mdororo wa uchumi, watu walioanguka waligundua dawa inayofanana, na dawa yenyewe ilikuwa kusema kosa lako kwa sauti mbele ya mtu atakayekuuliza kesho umefikia wapi. Neno fupi lilikuwa mpini tu wa kuishikia.

Ndiyo sababu naona ni kosa kuyaweka maneno haya katika kapu moja na methali. Waswahili tuna methali za faraja zisizohesabika, na kanga zetu zimeandikwa nyingine nyingi. Methali husema juu ya watu wote. Anayekuambia baada ya dhiki faraja hajakuambia lolote juu yake mwenyewe, na ukiendelea kuteseka baada ya kuambiwa, yeye hana deni. Neno la ushirika husemwa na mtu mwenye jina, katika nafsi ya kwanza, akiwa ameweka aibu yake mezani. Mimi nilikuwa hivi. Leo niko hivi. Kesho njoni mnitazame. Mtu aliye katika dhiki husikia tofauti hiyo mara moja, hata kama hawezi kuieleza.

Njia hii haikupendwa na wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha kitheolojia cha Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kwa kukataa kunyamaza. Katika Buhaya, ndani ya Kanisa la Kilutheri, Uamsho ulileta mgawanyiko mchungu, ingawa huko huko ulimlea Josiah Kibira, aliyekuwa askofu mwaka 1964 na baadaye rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Wazee wa koo walilalamika kwamba Walokole wanaungama siri ambazo si zao peke yao. Aliyetaja uzinzi wake alimtaja na mwanamke, akatikisa nyumba mbili. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Kweli inayosemwa hadharani huwaumiza wasioomba kusemwa, na ushirika wenye busara ulijifunza taratibu kwamba mengine yasemwe kwa ndugu wawili watatu kabla ya kufika kwa wote.

Kisha zikaja nyakati zilizoyapima maneno hayo kuliko pombe ilivyowahi kuyapima. Machafuko ya Rwanda yalianza Novemba 1959, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maelfu ya Watutsi walivuka na kuingia Ngara. Serikali ya Tanganyika huru iliwapa ardhi Muyenzi, na makazi ya wakimbizi yakaanzishwa pale. Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo ndugu wengi wa Uamsho, watu ambao walikuwa wamesali pamoja, Wahutu na Watutsi, katika duara moja kwa miaka ishirini na zaidi. Januari 1964, ng'ambo ya mpaka, huko Nyamata, askari walimchukua mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho aliyekuwa akihudumia waliofukuzwa makwao, wakamuua. Mwenzake aliyechukuliwa pamoja naye alinusurika, akasimulia jinsi Yona alivyoimba njiani. Jina la Yona limeandikwa leo katika kumbukumbu ya mashahidi wa imani katika kanisa kuu la St Paul's, London. Mwaka 1972 na 1993 zamu ikawa ya Burundi. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi waliingia kwa wingi Ngara na Kibondo, na nyumba nyingi za Bugufi zikajaa jamaa ambao mpaka wa Wazungu uliwatenga nao.

Tarehe 28 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, lango la Rusumo likafunguka kwa namna ambayo dunia haikuwa imewahi kuiona. Katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kati ya 170,000 na 250,000 walivuka daraja. Wilaya yenyewe ilikuwa na wenyeji wasiofika laki mbili. Wakakaa Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara na kuacha bwawa la maji, kisha wakatapakaa Lumasi, Musuhura, Kitali na Lukole. Miti ilikwisha. Chini ya daraja, Kagera ilikuwa ikibeba maiti kuelekea Ziwa Viktoria, na wavuvi wa mbali hadi Uganda walizivua kwa wiki nyingi.

Na hapa historia ya Uamsho inafika mahali pa kutisha, ambapo sioni haki ya kupita haraka. Gahini, chimbuko la yote, ilikuwa Rwanda. Nchi iliyoimba Tukutendereza kwa miaka sitini ilikuwa imeua watu wake. Katika hema za plastiki za Benaco, waliojua maneno yote ya ushirika walikaa pamoja na waliofanya mauaji, na mara nyingine walikuwa watu wale wale. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, jirani na Gahini, alikuwa kiongozi mwenye wafuasi kambini. Wakubwa walipojaribu kumwondoa Juni 1994, maelfu walizuka na mapanga kumtetea. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2011. Chakula cha msaada kiligawiwa kupitia viongozi wa wilaya za zamani, kwa hiyo mwenye kumwogopa jirani yake alilazimika kupanga foleni mbele yake.

Watu walisali kambini, sana. Makanisa yaliota chini ya maturubai kabla ya vyoo kuchimbwa. Wengi walisema "Bwana asifiwe". Lakini kutembea nuruni kulikuwa kumekufa, maana aliyesema aliyoyaona au aliyoyatenda angeweza kuuawa usiku huo. Hilo ndilo ninaloliona kuwa somo kali la Benaco kuhusu maneno ya faraja: yalibaki yakisemwa, yenye sauti ile ile na mwitikio ule ule, huku kazi iliyoyafanya yawe ya kweli ikiwa imekatazwa. Mwenye kufiwa alisikia amina karibu yake bila kujua ni ya nani.

Misaada ya aina nyingine ilihitajika, na mmojawapo ulikuja kwa njia ya hewa. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Ngara kituo kilichoitwa Radio Kwizera, kwa neno la matumaini ambalo Mnyarwanda, Mrundi na Mhangaza wote walilielewa. Watu waliokuwa wamelishwa chuki na redio mwaka mmoja kabla sasa walisikia habari zenye ukweli, mambo ya afya, majina ya ndugu waliopotezana. Kwa aliyetafuta mtoto wake, kusikia jina lake likitamkwa polepole hewani kulikuwa na thamani kuliko mahubiri mengi. Serikali ilifunga mpaka tarehe 31 Machi 1995, na Desemba 1996 ikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kukimbilia ndani ya mapori ya Tanzania. Jeshi likawageuza, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii watu wakielekea magharibi. Warundi walibaki Lukole miaka zaidi ya kumi mingine.

Ushirika haukufa pamoja na kambi. Mkoa huu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, ulijifunza umbo la ushuhuda kwa njia mpya. Mwanamke aliyesimama mbele ya kikundi, akataja jina lake, akasema anaishi na virusi na anakunywa dawa zake, alikuwa akifanya lile lile la Katoke, hata kama hakuwa Mlokole na hakuwahi kusikia habari za Nsibambi. "Kuishi kwa matumaini" likawa neno fupi la watu waliokuwa wameandikiwa kufa, na nyuma yake palikuwa na jirani wa kumkumbusha saa ya kidonge.

Januari 2025 taabu ilirudi Biharamulo kwa jina lingine. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani humo. Wagonjwa kumi walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote walifariki. Familia zilikatazwa kuwaosha marehemu wao. Wanaoamkuana kwa kukumbatiana waliambiwa wasishikane mikono. Kwa ndugu wa ushirika amri hiyo ilikuwa na uchungu wake, maana kukumbatiwa baada ya kuungama si mapambo ya ibada. Ndiyo nusu ya pili ya kuungama. Ikabidi maneno yabebe yale ambayo mikono imezuiwa. Wahudumu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani aliugua, nani alimgusa, na jibu la kweli, hata la aibu, ndilo lililowawezesha kuwafuatilia waliokuwa hatarini. Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.